Mwenye Kifafa Arudi Kwenye Sinia

Ziko nyumba ambamo kikombe cha mtu mmoja hakichanganywi na vikombe vya wengine. Kimewekwa peke yake juu ya dirisha la jiko, pamoja na sahani ya bati, na kila mtoto wa nyumba ile anajua ni cha nani bila kuambiwa. Mwenye kikombe anakula uani wenzake wakiwa wamezunguka sinia. Analala chumba cha nyuma. Wageni wakija anaombwa asitoke, hasa wakiwa wamekuja kumposa dada yake. Hakuiba wala hakumtukana mtu. Ana kifafa.

Watu wa nyumba hiyo si makatili, na wengi wao wanampenda ndugu yao. Tangu wakiwa wadogo wamesikia kwamba povu linalomtoka mdomoni, au mkojo unaomponyoka anapoanguka, huhamisha ugonjwa kwa atakayemgusa. Wengine wamesikia kuwa ni jini, au kwamba babu alikula kiapo. Hofu hiyo imekaa nyumbani muda mrefu hata imegeuka utaratibu wa kila siku, na utaratibu ukishazoeleka hakuna anayeuliza tena unamfanya nini yule anayekula peke yake.

Nawaandikia watu hao: mama, kaka, shangazi, jirani, mwalimu, mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa (VICOBA). Dawa zinaweza kuzuia kuanguka. Lakini mtu aliyetengwa kwa miaka hapati afya ya moyo kwa vidonge peke yake. Anaipata anaporudishiwa nafasi yake kati ya watu, pamoja na kazi, sauti na heshima inayoendana na nafasi hiyo, na daktari hana uwezo wa kumrudishia hayo. Nyinyi mnao.

Kwanza tuiondoe hofu. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Seli za ubongo huwasiliana kwa chaji ndogondogo za umeme, na zikifyatuka nyingi kwa pamoja bila mpangilio, mwili hukakamaa na kutikisika. Wengine hawaanguki kabisa: mtoto hukodoa macho kwa sekunde chache, halafu anaendelea, na mwalimu akadhani hasikilizi. Chanzo chaweza kuwa uzazi mgumu uliomnyima mtoto hewa, malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, mabuu ya tegu wa nguruwe yaliyofika kwenye ubongo, au pigo la kichwa kama yale tunayoyaona katika ajali za bodaboda. Kwa wengi chanzo hakijulikani. Katika milima ya Mahenge, mkoani Morogoro, kifafa kimeonekana kwa wingi usio wa kawaida, na watafiti wanakihusisha na usubi, ugonjwa unaoenezwa na inzi weusi wadogo wanaozaliana kwenye mito yenye maji ya kasi. Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwei, alianzisha kliniki ya kifafa huko karibu na mwaka 1960. Aliwakuta wagonjwa wakiishi pembezoni, baadhi yao wakiwa na makovu makubwa ya moto, kwa kuwa mtu alipoangukia mafiga wenzake waliogopa kumgusa ili kumtoa.

Katika vyanzo vyote hivyo hamna mate, hamna mkojo, hamna kikombe. Kifafa hakiambukizi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 50 wanaishi nacho, karibu asilimia 80 kati yao katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na kwamba hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangetambuliwa na kutibiwa inavyopaswa. Kwa hiyo yule anayekula uani ana matumaini makubwa ya kupona kuanguka. Kutengwa hakuponi kwa njia hiyo hiyo.

Tazama maisha yake yalivyokwenda. Alianguka darasani akiwa darasa la tatu, akaachishwa shule. Alipofika ujana hakuwa na rika, maana rika hupatikana shuleni, uwanjani na kwenye kazi, na huko kote hakupelekwa. Wadogo zake wameoa na kuolewa, naye bado anaitwa mtoto. Hakuna anayemwomba ushauri, anayemtuma dukani, wala anayemkopa. Mtu wa namna hiyo akiacha kula, akiacha kuoga, akishinda amelala ameelekea ukutani, watu husema ni ugonjwa wake. Mara nyingi ni sonona, na sonona huwapata wenye kifafa kuliko watu wengine. Hatari ya kujiua nayo kwao ni kubwa zaidi. Kuna sababu zilizo ndani ya ubongo wenyewe, na kuna zinazoletwa na baadhi ya dawa. Ila upweke tunauongeza sisi, na sisi ndio tunaoweza kuupunguza.

Anzeni na siku ya kuanguka, kwa sababu aibu huzaliwa hapo. Akianguka, ondoeni vitu vigumu na moto karibu naye, mwekeeni kitu laini chini ya kichwa, legezeni nguo ya shingoni. Msimkandamize mikono na miguu. Msimtie kijiko wala kijiti mdomoni. Huvunja meno na huweza kumziba pumzi. Msimnywishe chochote. Mitetemeko ikitulia, mgeuzeni alale ubavu ili mate yatoke. Mtu mmoja atazame saa: ikizidi dakika 5, au akianza tena kabla hajazinduka, au kama ni mjamzito, ameumia, alikuwa majini, au ni mara yake ya kwanza, apelekwe hospitali mara moja.

Hayo mengi mmeyasikia. Linalosahaulika ni dakika zinazofuata. Akizinduka, anatafuta nyuso. Hakumbuki kilichotokea, ila anasoma kwenye macho ya watu kama amefanya jambo la aibu. Akikuta umati umesimama mbali, vinywa vimefunikwa kwa khanga, watoto wakichungulia nyuma ya mlango, ameshapata jibu. Basi watu wabaki wawili au watatu. Kama amejikojolea, mfunikeni kabla hajaamka, na mmoja wa rika lake au wa jinsia yake amsaidie kubadili nguo bila maelezo. Mwambieni kwa sauti ya kawaida yuko wapi, nani yupo naye, na kwamba limepita. Watoto wasifukuzwe kana kwamba wameona kitu cha kuogofya. Mmoja aagizwe maji ya kunawa, mwingine amletee ndala zake. Mtoto aliyewahi kusaidia hivyo hatakuwa wa kumcheka njiani. Akishapumzika, arudi kwenye kile alichokuwa akikifanya, hata kama ni kuchambua mchele tu, asilazwe ndani siku nzima kama mfungwa.

Kisha dawa. Katika wilaya nyingi za Tanzania dawa za kifafa hutolewa kwenye kliniki ya afya ya akili, na familia nyingi zinachukia kupanga foleni hapo: majirani watasema kijana amekuwa kichaa. Naielewa aibu hiyo, lakini nawasihi muitazame nafasi iliyopo. Muuguzi anayetoa fenobabito ndiye huyohuyo aliyefundishwa kutambua sonona. Mko mbele yake tayari. Msiondoke na vidonge tu; mwambieni pia kama mgonjwa halali, hali, analia peke yake au amepoteza hamu ya kila kitu. Wekeni daftari dogo la shule nyumbani. Andikeni tarehe ya kila kuanguka, na pembeni yake andikeni alivyolala na alivyokuwa moyoni wiki ile. Daftari hilo humsaidia mhudumu kuliko maneno ya "anaendelea hivyohivyo".

Litawasaidia pia kuona kama huzuni ilianza dawa ilipobadilishwa. Fenobabito ni ya bei nafuu, humezwa mara moja kwa siku usiku, na imewasaidia watu wengi sana tangu ilipoanza kutumika kwa kifafa mwaka 1912. Huweza kuleta usingizi na uzito wa moyo. Levetirasetamu nayo huwafanya baadhi ya watu wawe na hasira za haraka. Mkiona hivyo, rudini kliniki mkaseme, msiikatize wenyewe. Dawa ya kifafa ikikatizwa ghafla inaweza kuleta kuanguka mfululizo kusikokoma, na kunaua. Kwa sababu hiyohiyo, nendeni kuchukua nyingine wakati za wiki moja bado zipo, ili zahanati ikiwa imeishiwa mpate muda wa kutafuta kituo cha afya au hospitali ya wilaya.

Sasa mazungumzo, na hapa nitakaa kidogo. Familia zetu zikitaka kuzungumza jambo zito huitisha kikao: baba mkubwa, shangazi, mjumbe, na mgonjwa ameketishwa katikati kama mshtakiwa. Kwa mtu aliyezoea kufichwa, kikao hicho ni adhabu nyingine. Zungumza naye mkiwa mnafanya kitu: mnapukuchua mahindi, mnashona nyavu, mnatembea kwenda kuteka maji. Mikono ikiwa na kazi, macho hayalazimiki kutazamana, na maneno huja yenyewe. Muulize swali lisilojibika kwa ndiyo au hapana: "Siku hizi kitu gani kinakuelemea zaidi?" Halafu nyamaza. Ukimya wa dakika nzima ni mrefu, uvumilie.

Yapo maneno tunayoyasema kwa nia njema ambayo humfunga mtu mdomo. "Jikaze." "Wapo wenye shida kuliko wewe." "Ni mapenzi ya Mungu." Hilo la mwisho linaweza kuwa imani yake pia, lakini likisemwa haraka humwambia kwamba huzuni yake haina haja ya kusikilizwa. Afadhali useme, "Pole. Sikujua kwamba unabeba yote hayo." Na msimwite kwa ugonjwa wake. Ana jina, na kama ana umri wa kuitwa kaka, mjomba au mama fulani, aitwe hivyo, hata na watoto wadogo, hasa na watoto wadogo.

Nchini Zimbabwe daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006, katika mtaa wa Mbare mjini Harare, mpango wa kuwafundisha mabibi wa mtaani kuketi na watu wenye sonona kwenye benchi nje ya zahanati. Matokeo ya utafiti uliochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba waliokaa na mabibi wale walipungukiwa dalili za sonona kuliko waliopata huduma ya kawaida, na mpango huo umefika hata Zanzibar. Wanachokifanya kinaweza kuigwa na shangazi yeyote mwenye subira. Bibi husikiliza shida zote bila kuzikatiza. Kisha humwomba mwenyewe achague moja, ile anayotaka ianze kupungua. Pamoja wanatafuta hatua moja ndogo ya kuchukua kabla hawajaonana tena. Wiki inayofuata wanakutana na kuulizana ilikwendaje. Bibi hachagui kwa niaba yake. Kwa mtu ambaye maisha yake yote yameamuliwa na wengine, kule kuchagua peke yake ni sehemu ya tiba.

Akisema amechoka kuishi, au akianza kugawa vitu vyake, au akikusanya vidonge bila kuvimeza, muulize waziwazi: "Umefikiria kujiua?" Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani, humpa ruhusa ya kulitoa. Akikubali, usimkaripie, usimwache peke yake, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Sumu ya panya, viuatilifu vya shambani na kamba zitoke nyumbani. Dawa zake za kifafa zitunzwe na mtu mwingine anayempa dozi ya siku, kwa kuwa fenobabito nyingi kwa pamoja huua. Familia nyingine hunyamaza zikiogopa polisi, kwani Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Kumwambia muuguzi kwamba unatamani kufa si kosa, na hofu ya sheria isiwazuie kumtafutia msaada mapema.

Baada ya kusikilizwa, mtu anahitaji kuhitajika. Hapa ndipo naona familia nyingi zinakosea kwa upendo: zinamzuia kufanya kila kitu "asije akaanguka". Ziko kazi za kuepuka kweli, madhali bado anaanguka: kuendesha bodaboda, kukwea minazi, kuvua peke yake, kulinda tanuri la matofali. Zilizobaki ni nyingi mno. Anaweza kushona, kufuga kuku, kulima bustani, kusuka ukili, kuuza duka, kutunza hesabu za familia, kumfundisha mtoto wa jirani kusoma. Hata jiko halimkatazi. Badala ya mafiga matatu chini, jengeni jiko la udongo lililoinuka na kuzungukwa ukingo, sufuria zikae imara, na kuwe na mtu karibu. Aoge kwa ndoo badala ya mtoni, mlango usifungwe kwa komeo la ndani. Kisimani aende na mwenzake.

Kazi atakayopewa iwe ya kweli, ambayo isipofanyika nyumba itaona pengo. Kumpa mtu mzima kufagia uwanja uliokwisha kufagiwa ni kumdhihaki, na analitambua. Akiuza mayai, fedha zikae mkononi mwake. Akitaka kuingia kwenye kikundi cha kuweka na kukopa, apokelewe kwa masharti yaleyale ya hisa na marejesho. Nyinyi viongozi wa vikundi, siku yake ya kwanza mkae naye mkeka mmoja na mnywe chai kutoka chupa moja, mbele ya wanachama wote. Watu huacha hofu kwa kuona mtu wanayemheshimu amegusa na hakudhurika. Imamu akila naye sinia moja siku ya Maulidi, au mchungaji akimketisha mstari wa mbele, watu watalitazama jambo hilo kuliko hotuba.

Imani inanileta kwenye maombi na dawa za asili, ambazo familia nyingi huanza nazo. Sitawaambia muache kusali, wala sioni faida ya kugombana na bibi anayetaka kijana anywe kombe. Ninachoomba ni vidonge visiachwe, na asitokee mtu wa kumpiga, kumfunga au kumfusha moshi kwa jina la kutoa pepo. Kukesha huamsha kifafa, kwa hiyo kwenye mkesha apewe nafasi ya kulala. Mwezi wa Ramadhani, kabla ya kuanza kufunga, aulize kliniki namna ya kupanga dozi na usingizi. Anayemeza mara moja usiku mara nyingi hupangiwa kwa urahisi, na mwingine huenda akashauriwa asifunge.

Mwalimu ana neno lake pia, na ni fupi: mtoto aliyeanguka jana arudi darasani leo, na kabla hajaingia wenzake wawe wameelezwa kwa dakika chache kifafa ni nini na kila mmoja afanye nini.

Ndoa ni ngumu zaidi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ya Tanzania, kifungu cha 39, inataja kifafa cha kurudiarudia kati ya mambo yanayoweza kuifanya ndoa ibatilishwe mahakamani. Haisemi kwamba mwenye kifafa haruhusiwi kuoa au kuolewa, ingawa mitaani inatafsiriwa hivyo. Kwa maoni yangu kifungu hicho kinastahili kufutwa. Wakati bado kipo, ukweli usemwe kabla ya mahari, na mwenyewe ndiye auseme, akiwa na mtu wa kumsindikiza. Posa iliyofichwa ukweli humweka binti katika ndoa ya kujificha, anameza dawa chooni, anaruka dozi, anaanguka. Watoto wengi wa wenye kifafa hawakipati kabisa, na hilo liwekwe wazi kwa wakwe. Binti anayetumia valproeti azungumze na daktari mapema kabla ya kubeba mimba, kwani dawa hiyo huweza kumdhuru mtoto tumboni; fenobabito na karbamazepini nazo hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango. Asiache dawa kwa kusikia hivi. Aende akaulize.

Na mama. Katika nyumba nyingi yeye ndiye anayelala sikio wazi usiku, ndiye aliyeambiwa na wakwe kwamba ugonjwa umetoka kwao, ndiye asiyekwenda harusini kwa miaka. Mumewe na wanawe wengine wagawane zamu, angalau siku moja kwa wiki awe huru kweli. Akianza kusema maneno ya kukata tamaa, naye apelekwe kwenye kliniki ileile, aketi kwenye kiti cha mgonjwa, si cha msindikizaji.

Kama wewe unayesoma ndiwe mwenye kifafa, huna deni la kumwambia kila mtu. Chagua watu watatu: mmoja wa nyumbani, mmoja wa kazini au shuleni, mmoja wa jirani. Waoneshe namna ya kukugeuza ubavu, waambie unachopenda kusikia unapozinduka na usichotaka kabisa. Weka mfukoni kipande cha karatasi chenye jina lako, jina la dawa yako, dozi, na namba ya simu ya mmoja wao. Na siku ya kliniki, muuguzi akiuliza umeanguka mara ngapi, mjibu, kisha umwambie na jinsi ulivyolala, ulivyokula na ulivyokuwa moyoni, hata kama hajauliza.